Kilima cha Changarawe Kina Wateja Wawili

Watu wakisikia kwamba nalipwa kukagua njia ya bomba kabla halijajengwa, ili mabaki ya watu wa kale yasisagwe na mitambo, hudhani adui yangu ni bomba. Bomba lenyewe halinisumbui kiasi hicho. Mtaro wake ni mwembamba, ramani yake iko mezani, na mhandisi akiambiwa mapema asogee mita hamsini kushoto, mara nyingi anasogea bila ugomvi. Kinachoninyima usingizi huku kaskazini ya Kanada, ninakofanya kazi, ni changarawe.

Kila nikirudi Tanga likizo naulizwa maswali yale yale. Kwenye barafu kuna akiolojia gani? Nani aliishi huko? Leo naandika jibu refu, na naanzia Alaska kwa sababu mengi tunayoyafanya sasa yalijaribiwa kule.

Mafuta ya Prudhoe Bay, pwani ya kaskazini kabisa ya Alaska, yaligunduliwa mwaka 1968. Bahari ya huko imefungwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo ikaamuliwa bomba livuke Alaska nzima hadi bandari ya Valdez upande wa kusini: kilomita 1,288, likipanda milima ya Brooks na kuvuka mto Yukon. Marekani ilikuwa na sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1906, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya umma, basi wenye bomba hawakuwa na ujanja. Kazi ya ukaguzi ikapewa Chuo Kikuu cha Alaska na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Alaska, na timu ikaingia porini Juni 1970. Hadi wanamaliza walikuwa wamechimba maeneo yapatayo 330, ya zamani zaidi yakiwa na umri unaofikia miaka 13,000.

Kuna jambo moja ambalo ripoti hazilisemi kwa sauti. Mwaka 1970 mahakama iliuzuia mradi kwa sababu za mazingira, na Bunge la Marekani halikuufungulia njia hadi Novemba 1973. Wenye mafuta walikuwa wakihesabu hasara. Wanaakiolojia walikuwa wakihesabu viangazi. Sijawahi kuona mkataba wowote wa ukaguzi unaotoa muda kama ule, na nina hakika kwamba bila zile kesi idadi ya maeneo yaliyookolewa ingekuwa ndogo zaidi.

Sasa nije kwenye changarawe.

Ardhi ya huku imeganda kwenda chini mita nyingi, tena kwa maelfu ya miaka. Wakati wa kiangazi juu huyeyuka kidogo tu, pengine kufika magotini. Mafuta yakitoka kisimani yana joto. Ukiyafukia kwenye ardhi ya namna hiyo, barafu iliyomo inayeyuka, udongo unageuka tope na bomba linazama. Ndiyo maana kama kilomita 676 za bomba la Alaska zimebebwa juu ya nguzo. Msafiri akiliona limeinuliwa vile anasema, aa, hawa watu waliiheshimu ardhi. Lakini nguzo hazikujisimika zenyewe. Ili malori na kreni zipite bila kuchana lile zulia la kuvumwani na majani mafupi linaloikinga barafu na jua, ilibidi changarawe imwagwe tabaka nene kando ya bomba. Barabara ya kupitishia vifaa, karibu kilomita 580 kutoka mto Yukon hadi Prudhoe Bay, ilijengwa mwaka 1974 kwa siku 154, nayo ni changarawe. Kambi, viwanja vya ndege, vituo vya pampu, vyote vimekalia changarawe. Jumla yake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 50.

Mzigo huo haukuletwa kwa meli. Ulichimbwa njiani, sehemu yake kwenye vilima na matuta yaliyoachwa na mito iliyotiririka ndani na kando ya barafu kuu ilipokuwa ikiyeyuka. Ukiruka kwa helikopta unaviona vizuri: nyika yote imelowa, mabwawa hayana idadi, halafu ghafla kuna mgongo mkavu, mrefu, umeinuka mita kumi au ishirini.

Jiweke kwenye nafasi ya mwindaji wa miaka elfu kumi iliyopita. Unawasubiri karibuu, wale kulungu wa kaskazini wanaohama kwa makundi makubwa. Unahitaji mahali pakavu pa kukaa, penye upepo wa kufukuza mbu, na pa juu kiasi cha kuona bonde lote. Hutakwenda kukaa bwawani. Utapanda ule ule mgongo wa changarawe, utawasha moto mdogo, na saa za kungoja utazimalizia kunoa na kuchonga mawe. Vipande vinavyoruka vinabaki pale pale. Mwanao atakaa hapo, na mjukuu wake, na watu wa kabila jingine kabisa watakaokuja baada ya miaka elfu tatu, kwa sababu mahali pazuri pa kuvizia hapabadiliki.

Kwa hiyo kilima kimoja kina wateja wawili. Wa kwanza alikitumia kwa miaka elfu kumi bila kukimaliza. Wa pili anaweza kukimaliza kwa wiki mbili.

Mfano mzuri ni Gallagher Flint Station, katika bonde la mto Sagavanirktok kaskazini ya milima ya Brooks. Timu ya bomba ilikipata mwaka ule ule wa 1970. Ni kilima hasa cha aina ninayoisema, changarawe tupu, na juu yake watu walichonga mawe zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 1978 kilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la kitaifa. Mwaka huo wa 1978 kikapatikana kingine, safari hii magharibi zaidi, kwenye ardhi iliyokuwa ikikaguliwa kwa ajili ya kuchimba kisima cha majaribio cha mafuta: mwamba uliosimama peke yake juu ya nyika, unaoitwa Mesa. Juu yake palikuwa na mioto ya wawindaji na ncha za mikuki. Vipimo vya mwanzo viliupa umri mdogo. Baadaye, mbinu ya kupima chembe ndogo kabisa za mkaa ilipopatikana, ikaonekana kwamba mioto ile inafika miaka 10,000 na kuendelea. Kilichowezesha hilo ni kwamba pale juu hakuna aliyekuwa amepita na tingatinga.

Mambo ya vilima nilianza kuyajua nyumbani kabla ya kuyasoma chuoni. Baba yangu alikuwa dereva wa greda, barabara za Handeni na Korogwe, na sisi watoto tulijua machimbo ya moramu kwa majina. Nilipoanza kazi hii nilimpigia simu nikamwuliza walichaguaje mahali pa kuchimba.

"Mwanangu, moramu nzuri iko kilimani, haiko bondeni," akaniambia. "Unatazama kilima, unapiga sururu mara mbili, ukiiona nyekundu ina mawe mawe unaita lori."

"Na ndani mlikuwa mkikuta vitu, baba?"

"Vigae vya vyungu tele. Mara moja na mifupa. Vigae tulivimwaga barabarani pamoja na moramu, vinashindilia vizuri."

Alisema bila wasiwasi wowote, na sikuona sababu ya kumlaumu. Alipewa kazi ya barabara, hakupewa kazi ya vigae. Tangu siku hiyo, nikisoma neno "chanzo cha vifaa vya ujenzi" kwenye nyaraka za mradi, namwona baba amekaa juu ya greda.

Kazi yangu yenyewe iko Kanada. Nilisoma akiolojia Mlimani, nikaja Alberta kwa shahada ya pili, nikabaki. Naishi Edmonton, na viangazi nipo Northwest Territories, bonde la mto Mackenzie, nikikagua njia za mabomba na za barabara. Mwanafunzi aliyefunzwa Oldupai akija huku anachanganyikiwa kidogo. Kule matabaka ya udongo yamepangana, la chini ni la kale kuliko la juu, na unasoma wakati kwa kushuka. Huku miaka elfu kumi inaweza kuwa imelala ndani ya sentimita kumi na tano. Tena baridi inaisukasuka ardhi kila mwaka, inapandisha mawe juu na kuyageuza, mpaka kipande cha juzi na cha enzi za barafu vinalala bega kwa bega. Kitu cha kukuambia umri, labda ni mkaa kidogo. Ukiuharibu huo, umebaki na jiwe tu.

Tunachimba mashimo madogo ya mraba, sentimita arobaini kwa arobaini. Unakata kuvumwani kwa koleo, unakiweka pembeni ili ukirudishe, unachekecha udongo kwenye wavu wa milimita sita. Mengi hayana kitu. Halafu linatokea shimo lenye kipande cheusi kinachong'aa, jiwe la majivu ya volkano yaliyoyeyuka na kushikana, kutoka vilima vya Tertiary karibu na Tulita, mbali na hapo uliposimama, na unajua mtu alilibeba. Atakayeniuliza kama inanisisimua hata sasa, ndiyo. Atakayeniuliza kuhusu mbu, tuyaache.

Hatuwezi kuchimba kila mahali, kwa hiyo tunatumia ramani ya makadirio. Kompyuta inapewa mteremko, umbali kutoka majini, aina ya udongo, kisha inapaka rangi: nyekundu palipo na uwezekano mkubwa, kijani pasipo. Ramani hizo zina manufaa na zina upofu. Msimu mmoja tulikuwa na mzee wa Kidene, yaani wa wenyeji asilia wa bonde hili, kutoka kijiji cha karibu, aliyeajiriwa kusimamia kazi kwa niaba ya watu wake. Alitazama ramani yetu, akaweka kidole juu ya kinamasi kikubwa kilichopakwa kijani, akasema njia ya babu yake ilipita hapo katikati. Kijana wetu mmoja akajibu kwa adabu kwamba pale ni maji matupu. Mzee akamwambia: kiangazi ni maji. Majira ya baridi ndiyo barabara, mbwa wanavuta sleji hapo bila kupanda wala kushuka.

Alikuwa sahihi, na ukifikiri, ni jambo la wazi. Sehemu kubwa ya mwaka huku ni baridi, lakini sisi tunaoandika ramani tunakuja Juni tunaondoka Septemba, basi tumewapangia watu wa kale maisha ya kiangazi. Pembeni ya kile kinamasi, kwenye kichaka cha misonobari ambacho hakuna kompyuta ingekichagua, tulikuta mahali pa kambi.

Jaji Thomas Berger alilijua hili zamani. Mwaka 1974 serikali ya Kanada ilimpa kazi ya kuchunguza athari za bomba la gesi lililopangwa kupita bonde la Mackenzie, naye badala ya kukaa mjini alizunguka kijiji hadi kijiji kusikiliza watu. Wawindaji walichora njia zao, njia za babu zao, mahali pa mitego, mahali pa samaki, mahali pa makaburi. Ripoti yake ya mwaka 1977 ilisema bomba lisijengwe kamwe kwenye pwani ya kaskazini ya jimbo la Yukon, na bonde la Mackenzie lisubiri miaka kumi hadi madai ya ardhi ya wenyeji yashughulikiwe. Miaka ya 2000 likaja pendekezo jipya, bomba la kama kilomita 1,200, likakaguliwa tena, likaidhinishwa mwaka 2010 na 2011, halafu wenyewe wakalifuta Desemba 2017 kwa sababu hesabu za soko la gesi hazikulipa. Bomba halikujengwa, lakini maeneo ya kale yaliyopatikana kwa ajili yake yamo kwenye daftari la serikali, kila moja na namba yake ya herufi nne na tarakimu, mfumo unaotumika Kanada tangu miaka ya 1950. Mahali pake hasa hapatangazwi kwa umma, kuwaepuka wanaochimba usiku na kuuza. Mimi daftari lile nalitumia kila msimu. Gharama yake ililipwa na makampuni ya gesi ambayo hayakupata hata futi moja ya bomba, na sina majonzi nao sana.

Makaburi ni habari nyingine. Mwaka 1928 meli ya mvuke iitwayo Distributor, iliyokuwa ikishuka mto Mackenzie na bidhaa, ilishuka pia na mafua makali. Watu walikufa kambi kwa kambi, wengine hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuwazika vizuri. Uzio mdogo wa mbao uliowekwa kuzunguka kaburi huoza, miti inaota, na baada ya miaka tisini mgeni anaona msitu tu. Wenyeji wanajua. Hapo hatuchimbi hata shimo la majaribio. Mzee anatembea mbele, sisi tunafunga utepe kwenye miti, mstari wa bomba unahamishwa, basi.

Waliofuatilia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani watakuwa wanatikisa kichwa. Kilomita 1,443, nalo lina joto, ingawa kwa sababu tofauti: mafuta ya Uganda yana nta, yasipopashwa yanaganda. Pale nyumbani pia makaburi ndiyo yaliyozungumzwa zaidi kwenye mikutano ya waguswa, na ni haki, kwa sababu kaburi lina mwenyewe. Anasimama mtu anasema, huyu ni bibi yangu. Zana ya jiwe haina wa kuisemea. Ukisoma kuhusu mkuza wa mita thelathini, ule ukanda wa kupitishia bomba, unaona umepimwa na kutembelewa. Nikiwa Chongoleani kwa likizo, mimi nilikuwa nauliza moramu ya barabara za mradi inatoka wapi, na ndugu zangu wakadhani nimekuja kutafuta tenda.

Huku kaskazini kuna kichaa kingine cha kalenda. Ukaguzi hufanyika kiangazi, ardhi ikiwa laini. Ujenzi hufanyika majira ya baridi, ardhi ikiwa ngumu, ili mitambo isiharibu nyika. Ni utaratibu mzuri hadi pale Januari mhandisi anapokuta barafu nyingi kuliko alivyotarajia kwenye mstari wa bomba, akaamua kusogea mita mia mbili, au changarawe ya kilima cha kwanza ikaisha na mkandarasi akahitaji kilima kingine kwa haraka. Kuna giza, ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, udongo ni kama saruji. Hakuna mtu duniani anayeweza kuchimba shimo la majaribio hapo. Nyaraka zitasema kwamba ikionekana dalili ya kitu cha kale, kazi isimame na mtaalamu aitwe. Sawa. Dereva wa tingatinga aliye kazini kwa muda wa saa kumi na mbili, taa zikimulika theluji, ataonaje kipande cha jiwe chenye ukubwa wa kucha?

Niliendesha gari kwenye ile barabara ya Alaska kiangazi kimoja, na mwenzangu, kutoka Fairbanks hadi ziwa Galbraith. Vifaa vilivyookolewa nilikuwa nimevitazama kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu pale Fairbanks, masanduku kwa masanduku. Barabarani nilitazama upande wa pili wa hesabu. Mashimo ya changarawe yanaonekana hadi leo, mengine yamejaa maji, bata wanaogelea. Mwenzangu alikuwa akipiga picha bomba, na kweli linapendeza likipanda kuelekea pito la Atigun. Mimi nilikuwa nahesabu vilima visivyokuwepo.

Haya si ya kihistoria tu. Alaska sasa ina mpango wa bomba la gesi la karibu kilomita 1,300, kutoka maeneo yale yale ya mafuta ya kaskazini hadi Nikiski kusini, lililopewa idhini na tume ya nishati ya Marekani mwaka 2020. Sehemu ndefu ya kaskazini inafuata ushoroba ule ule wa bomba la zamani. Faida yake ni kwamba mengi yanajulikana tangu miaka ya 1970. Hasara yake ni kwamba changarawe rahisi ilishachukuliwa, kwa hiyo vilima vitakavyoguswa safari hii vinaweza kuwa vile vilivyonusurika mara ya kwanza.

Ndiyo maana siku hizi nikikabidhiwa nyaraka za mradi wowote, mstari mwekundu wa bomba nauacha kwanza. Natafuta jedwali la vyanzo vya changarawe, nakiweka kila kilima juu ya ramani ya maeneo ya kale, na ninaomba vilima vya akiba navyo vikaguliwe kiangazi hicho hicho, mara mbili ya mahitaji ya mkandarasi, ili Januari akiishiwa awe na pa kwenda ambapo sisi tumeshapita. Inaongeza gharama, kidogo, nami nasema hivyo kikaoni bila kuzunguka. Mara nyingi jibu la kwanza ni kwamba vyanzo vya vifaa vitaamuliwa baadaye na mkandarasi. Hapo huwa nafunga kompyuta yangu na kuwaambia kwamba, kama ni hivyo, tarehe ya kuanza ukaguzi nayo itaamuliwa baadaye.